Miguu Iliyofungwa: Mkoa wa Mara na Elimu ya Mishipa ya Fahamu

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Musoma



Nimepewa mada yenye maneno mengi: kuendeleza utafiti wa ubongo na mishipa ya fahamu, pamoja na sera ya kutibu magonjwa yake. Rafiki yangu alipoiona kwenye barua ya mwaliko aliniuliza kama nitakuja na picha za mashine kubwa za kuchungulia kichwa. Sikuja nazo. Nimekuja na mfuko huu hapa mezani. Ndani yake mna udaga kilo moja, nimeununua leo asubuhi pale soko la Nyasho, na muuzaji alinipunguzia bei nilipomwambia ninaupeleka kwenye mhadhara. Alidhani ni mhadhara wa mapishi. Hakukosea sana.

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mkoa wetu umewahi kuufundisha ulimwengu jambo kubwa kuhusu mishipa ya fahamu, kwamba somo lile lilitoka jikoni na shambani kabla ya kufika maabara, na kwamba sera yoyote ya magonjwa haya itakayosahau njia ile itaishia kuwa kitabu kizuri kabatini. Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu. Ya kwanza itakula karibu nusu ya muda wetu, mnivumilie.

Hoja ya kwanza: magonjwa mengi ya mishipa ya fahamu huanza mbali na hospitali, na utafiti uwafuate watu huko huko

Walio na umri kama wangu wanaukumbuka mwaka 1984. Mvua zilikatika karibu Afrika Mashariki nzima. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, ng'ombe wakauzwa kwa bei ya mbuzi. Kilichobaki ardhini kilikuwa muhogo, na zaidi muhogo mchungu, kwa sababu ule mtamu watu walikuwa wameumaliza, na nguruwe pori na nyani walikuwa wamewasaidia kuumaliza. Mkulima hapandi muhogo mchungu kwa ujinga. Anaupanda kwa sababu mnyama hauli na mwizi hautafuni akiwa njiani.

Mwaka 1985, wilayani Tarime, wakati ambapo Rorya ilikuwa bado ndani ya Tarime, watu walianza kuamka miguu haiwatii. Mtu amelala mzima, au ametoka kisimani na ndoo kichwani, ghafla magoti yanatetemeka, mapaja yanakaza kama kamba iliyolowa na kukauka. Akijaribu kutembea, visigino havigusi chini. Anakwenda kwa ncha za vidole, miguu ikipishana kama mkasi. Akili yake ni timamu, ngozi inahisi, mkojo anauzuia mwenyewe. Ndani ya siku chache ugonjwa umefika ulikokuwa unakwenda. Hauzidi tena, lakini haurudi nyuma pia. Aliyebahatika anatembea bila fimbo. Mwingine anahitaji mbili. Mwingine anatambaa, na atatambaa mpaka uzeeni.

Wengi wanaopatwa ni wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto walioachishwa ziwa. Wanaume hupatwa kidogo. Watoto wanaonyonya huwa salama. Na mara nyingi nyumba moja hutoa wagonjwa wawili au watatu. Sasa fikirini ninyi wenyewe: nyumba moja, watu watatu, miguu yote imekaza, mwaka wa njaa. Jirani atasema nini? Atasema wamerogwa, au kuna deni la wazee halijalipwa. Na daktari mwenye haraka atasema ni polio. Kule Nampula, Msumbiji, mlipuko kama huo ulipotokea mwaka 1981 na kuwaathiri zaidi ya watu 1,000, polio ndiyo iliyoshukiwa kwanza.

Hapa kwetu walikusanyika watu wanne ambao majina yao yanastahili kutajwa katika ukumbi huu: Dk. Glen Brubaker wa Hospitali ya Shirati, aliyewajua wagonjwa na vijiji vyao, Dk. William Howlett, bingwa wa mishipa ya fahamu ambaye jina lake limeambatana na Hospitali ya KCMC, Moshi, Nicholas Mlingi, Mtanzania mwenzetu wa taasisi ya taifa ya chakula na lishe, na Dk. Hans Rosling kutoka Sweden, aliyekuwa amekutana na ugonjwa huu Msumbiji. Walichokiona wakakichapisha mwaka 1990 katika jarida la Brain la Uingereza, ambalo kwa madaktari wa fani hii ni kama kupanda mimbari ya msikiti mkuu siku ya Ijumaa. Ugonjwa wenyewe unaitwa konzo. Neno hilo ni la Wayaka wa Kwango, kule Kongo, ambako daktari aitwaye Trolli aliuandika mwaka 1938. Maana yake ni miguu iliyofungwa.

Nani aliifunga? Hapa ndipo mfuko wangu unapoingia.

Muhogo mchungu una kitu kinaitwa linamarini. Chenyewe kimetulia tu. Lakini ukikata au kuponda muhogo, linamarini inakutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo ndani ya seli, na vikikutana, sayanidi inazaliwa. Ni sumu. Bibi zetu hawakujua jina hilo, lakini walijua la kufanya. Mnajua wenyewe: muhogo unamenywa, unarundikwa, unafunikwa majani, unaachwa siku kadhaa mpaka unalainika na kuota ukungu, halafu unakwanguliwa, unavunjwavunjwa, unaanikwa juani. Wakati wa kuvundika, seli zinavunjika, kimeng'enya kinafanya kazi yake yote, na wakati wa kuanika sayanidi inapaa na upepo. Huo ndio udaga. Mama anayenusa udaga na kusema "huu haujaiva" anafanya kazi ya mkemia, ila halipwi posho.

Mwaka wa njaa hatua zinakatwa. Watoto wanalia leo, huwezi kuwaambia wasubiri siku kumi. Muhogo unaanikwa ukiwa haujavundikwa ipasavyo, unasagwa, unapikwa. Sumu inabaki.

Lakini sumu peke yake haitoshi kuleta konzo. Mwili una njia ya kuizima: unaiunganisha sayanidi na salfa, kisha unaitoa kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini, yaani dagaa, samaki, maziwa, mayai, na kwa kiasi fulani maharage. Mwaka wa ukame mboga ni chumvi na maji. Kwa hiyo mama anakula ugali wenye sumu nyingi, na wakati huohuo silaha ya kuizima haipo. Wiki moja, mbili, tatu, na nyuroni zile za juu, zinazoshuka kutoka ubongo kupitia uti wa mgongo kuipelekea miguu amri, zinajeruhiwa. Kwa nini sayanidi izichague hizo na si nyingine, wanasayansi wanabishana hadi leo. Ni fumbo zuri kwa kijana anayetafuta mada ya shahada ya uzamivu.

Ninyi wa mwalo wa Mwigobero mnaoanika dagaa kila alfajiri, sijui kama mmewahi kuambiwa kwamba mnauza kinga ya uti wa mgongo.

Kinga ya konzo ilijulikana kabla fumbo la nyuroni halijafumbuliwa. Muhogo uvundikwe vizuri, watu wapate mboga, basi. Tungesubiri mpaka kila molekuli ieleweke ndipo tuchukue hatua, tungekuwa tunasubiri mpaka leo.

Na je, tulichukua hatua? Makala ilichapishwa 1990. Kati ya mwaka 2001 na 2003 konzo ikazuka tena, safari hii kusini, Mtwara na Mbinga. Ugonjwa uleule, njaa ileile, njia za mkato zilezile. Nchi moja, serikali moja, miaka kumi na ushee baada ya Tarime. Maarifa yalikuwa Uingereza, kwenye karatasi nzuri, wakati watu wa kusini wanafungwa miguu. Baadaye Mlingi na wenzake walipeleka vijijini njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba kwenye ungo au mkeka, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sayanidi ipae, ndipo unasongwa ugali siku hiyohiyo. Gharama yake ni maji na subira. Tiba ya kuzifungua nyuroni zilizokwisha kujeruhiwa, kwa upande mwingine, haipo kwa bei yoyote.

Ndiyo maana nasema sera ya mishipa ya fahamu haiwezi kukaa Wizara ya Afya peke yake. Afisa kilimo anayegawa mbegu mpya zinazostahimili batobato na michirizi ya kahawia aulizwe pia: mbegu hii ina uchungu kiasi gani? Watafiti wa Ukiriguru wako jirani yetu, waulizwe. Na kamati za maafa zinapogawa chakula mwaka wa ukame, gunia la maharage lisihesabiwe kuwa anasa.

Hoja ya pili: dawa rahisi inayokatika ni hatari kuliko dawa ghali ambayo haipo

Nitoke kwenye ugonjwa adimu niende kwenye ule mnaoujua wote. Hakuna kitongoji cha Majita, Bukwaya, Ikizu wala Uzanaki kisicho na mtu wa kifafa. Wengine mmewaona na makovu ya moto: walianguka wakiota moto jikoni. Wengine hamkuwaona tena: walianguka wakiwa kwenye mtumbwi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, wilaya ya Ulanga, baada ya kukuta wagonjwa wanaishi pembezoni mwa vijiji, hawaguswi, kwa imani kwamba povu la kinywani linaambukiza. Akawapa fenobabitoni, dawa iliyokwisha kutumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wake degedege zilinyamaza kabisa. Watu waliokuwa wanalala zizini wakarudi kula pamoja na ndugu zao. Aliporudi na wenzake kuwafuatilia wagonjwa 164 baada ya miaka 30, zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, wengi wao kwa mambo yaliyotokana na kifafa chenyewe: maji, moto, na kifafa kisichokatika.

Utafiti mwingine wa Ulanga, uliochapishwa mwaka 1992, uliwapitia watu zaidi ya 18,000 nyumba kwa nyumba na kukuta wagonjwa wa kifafa 10 kwa kila watu 1,000. Hicho ni kiwango cha juu. Na Mahenge hiyohiyo ndiko Jilek-Aall alikowaona watoto wanaoinamisha kichwa, wanaokitikisa kama mtu mwenye usingizi mbele ya sahani. Miaka mingi baadaye watoto kama hao walionekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na ushahidi ukaelekea kwa usubi, inzi weusi wa mitoni wanaoeneza upofu. Kaskazini mwa Uganda walipopiga vita inzi hao, wagonjwa wapya wakakoma. Mnaona tena? Ubongo umelindwa kwa kuushughulikia mto.

Nirudi kwenye fenobabitoni. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri, na kwamba dawa ya mwaka mzima inaweza kugharimu dola 5 tu. Bei hiyo haifiki ya kuku wa kienyeji. Basi kwa nini makovu ya moto hayaishi?

Nitawasimulia niliyoyaona, na sitataja kituo. Nilikuwa kijana, nimepangiwa zahanati ya mbali. Kulikuwa na mama anayemleta binti yake kila mwezi, kilomita nyingi kwa miguu. Binti alikuwa hajaanguka miezi minane. Ameanza kurudi shule. Mwezi wa tisa dawa haikuwepo. Nikamwandikia mama karatasi, nikamwambia arudi wiki mbili. Wiki mbili dawa haijafika. Sikumwambia jambo moja, kwa sababu hata mimi sikulitilia uzito: fenobabitoni ikikatishwa ghafla, kifafa hakirudi pale kilipokuwa, kinarudi kwa kishindo. Kinaweza kumshika mtu kisimwachie. Mama aliporudi mara ya tatu alikuja peke yake.

Sikusimulia haya ili mnionee huruma. Nimesimulia kwa sababu kwenye taarifa ya mwaka ya zahanati ile hakuna mstari unaoonyesha kilichotokea. Palionekana tu kwamba dawa fulani "iliisha" miezi miwili. Kwa dawa ya kichwa kinachouma, kuisha ni usumbufu. Kwa dawa ya kifafa, kuisha ni sababu ya kifo, na inapaswa kuandikwa hivyo. Ningependa Bohari ya Dawa na halmashauri zetu ziitenge fenobabitoni na dawa mwenzake, kabamazepini, kama zinavyotengwa dawa za kifua kikuu: akiba ya miezi mitatu isiyoguswa, na simu ya mganga mkuu wa wilaya inalia akiba ikipungua nusu. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji mtu wa kuulizwa.

(Hapa msikilizaji mmoja aliuliza kutoka katikati ya ukumbi kama kifafa na degedege ni kitu kimoja. Nilijibu hivi.)

Swali zuri, na lina historia. Degedege ni kule kukakamaa na kutikisika. Inaweza kumjia mtoto mara moja tu kwa homa kali. Kifafa ni tabia ya kurudiarudia bila homa. Lakini malaria inayopanda kichwani inaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo likazaa kifafa miaka baadaye. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wamelifuatilia jambo hili miaka mingi. Wazee wetu walisema degedege inaletwa na ndege anayepita usiku juu ya paa. Mimi siwacheki. Mbu naye anaruka usiku. Ubaya wa maelezo yale ulikuwa mmoja tu: yalimpeleka mtoto kwa mganga kwanza, hospitali baadaye, na kwa malaria ya kichwa saa sita ni nyingi mno. Chandarua ni kinga ya ubongo, ingawa hakuna aliyewahi kukitangaza hivyo.

Hoja ya tatu: mtafiti asiyeeleweka hafai kuruhusiwa, na anayeeleweka atalindwa na wananchi

Hii ni fupi. Rosling, yule wa Tarime, amesimulia katika kitabu chake Factfulness mkasa uliompata Makanga, Kongo ya wakati huo ikiitwa Zaire, mwaka 1989. Alikwenda kuchukua damu za watu kwa utafiti wa konzo. Umati ukajaa na mapanga, ukiamini anauza damu. Akajaribu kueleza, hawakumsikiliza. Ndipo mwanamke mmoja, miguu pekupeku, akasimama mbele ya umati na kuwauliza kama wamesahau surua ilivyokuwa ikiwaua watoto wao. Chanjo iliyoikomesha, akasema, ilipatikana kwa watu kufanya utafiti kama huu, na sasa huyu anataka kujua kinachofunga miguu. Akamnyooshea daktari mkono wake atoe damu. Mapanga yakashuka.

Nimeutafakari mkasa huo mara nyingi. Mwanamke yule hakusoma fomu ya ridhaa. Alielewa sababu, na aliilinganisha na jambo aliloliona kwa macho. Sisi tunaandika fomu za kurasa sita, tunazitafsiri neno kwa neno, halafu tunashangaa watu wanakataa au, vibaya zaidi, wanakubali bila kuelewa. Chukueni neno moja tu: mshipa. Kwa daktari ni mshipa wa damu, au wa fahamu. Kwa mzee wa kijijini "ana mshipa" maana yake ni ngiri. Mama akisema mishipa inamvuta, pengine ni misuli, pengine ni wasiwasi. Dodoso linalouliza "Je, una tatizo la mishipa?" litaleta majibu mengi na ukweli kidogo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo Mwanza. Ningewaomba wawe na mtaalamu wa lugha kwenye kila mradi, na asiwe mtu wa mwisho kuajiriwa.

Na matokeo yarudi. Mtafiti aliyechukua damu Bunda arudi Bunda kusema alichokipata, kwa Kiswahili, hata kama alichokipata ni kidogo.

Hoja ya nne: sera ihesabu watu, isihesabu karatasi

Mwezi Mei 2022, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa dunia wa kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu, wa mwaka 2022 hadi 2031. Ni mpango mzuri. Nimeusoma wote, na ninaomba mniamini maana haukuwa mwepesi. Lengo lake moja linasema asilimia 75 ya nchi ziwe na sera mpya au zilizohuishwa ifikapo 2031. Lengo hilo nchi inaweza kulitimiza kwa kuchapisha kitabu chenye picha ya waziri. Mimi napendelea jingine, linalohusu kifafa: asilimia 90 ya wagonjwa wajue kwamba ugonjwa wao unatibika, asilimia 80 wapate dawa wanayoimudu, asilimia 70 ya wanaotibiwa degedege zao zidhibitiwe. Hapo kuna watu. Hapo unaweza kumuuliza mganga wa zahanati: kati ya wagonjwa wako wangapi hawakuanguka mwezi huu?

Lakini swali hilo linahitaji daftari. Katika vitabu vyetu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za vituo vya afya, mgonjwa wa kiharusi, wa kifafa, wa kuumia kichwa kwa ajali ya bodaboda wanaandikwa kila mmoja siku aliyofika. Mwezi unaofuata ni mtu mpya. Hatuna uzi unaomfunga mtu na historia yake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaopita kaya kwa kaya. Wapewe maswali matatu tu: kuna anayeanguka? Kuna ambaye upande mmoja wa mwili umelegea? Kuna ambaye miguu imekaza? Hata sita nisingewapa. Wana kazi nyingine.

Kuhusu kiharusi sitasema mengi, kwa kuwa wauguzi walioko hapa wanajua zaidi yangu. Shinikizo la damu lipimwe sokoni, kwenye mialo, kanisani na msikitini, maana mvuvi haji kliniki akiwa mzima. Na kuhusu bodaboda nitasema neno moja kwa vijana wa kijiweni: kofia ngumu ya abiria isiyofungwa kidevuni ni pambo.

Mtaniuliza habari za mashine na mabingwa. Ndiyo, tunazihitaji. Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa ilikaa miongo kadhaa ikiwa kuta zilizoota majani, na leo inapokea wagonjwa. Wengi wenu hamkutegemea kuiona siku hiyo. Bado aliyevunjika fuvu Bunda anapelekwa Bugando, Mwanza, na kesi nzito zaidi zinakwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ni juu yetu kuuliza, kitita kinapopangwa, kama kinamgharamia mgonjwa wa kiharusi mazoezi ya viungo baada ya kutoka wodini au kinamwacha mlangoni. Sipingi mashine. Nasema tu kwamba mashine itamwona mtu mmoja kwa saa, na muhogo uliovundikwa vizuri utalinda kijiji kizima.

Sasa kuhusu yaliyo mbele yetu.

Nimewaandikia waandaaji mapendekezo matatu, watayafikisha kwa halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama. La kwanza: kabla ya vuli ijayo, maafisa kilimo na maafisa lishe wapite shule za msingi na kufundisha hatua za udaga pamoja na ile njia ya kulowesha unga, na watoto wawafundishe mama zao. Nafahamu kwamba mama ndiye mwalimu wa udaga, lakini mwaka wa njaa hata mwalimu anasahau. La pili: kila kituo cha afya kiwe na siku moja kwa mwezi ya kliniki ya kifafa, siku hiyohiyo mwaka mzima, ili mgonjwa asihitaji barua wala simu. La tatu: vijana wa vyuo walioko hapa, wanne au watano tu, waende Tarime na Rorya kuwatafuta walionusurika wa mwaka 1985. Waliokuwa watoto wakati ule sasa wana zaidi ya miaka 40. Wametembeaje miaka yote hii? Walioa, waliolewa, walilima? Nani aliwatengenezea fimbo? Makala ya mwaka 1990 haiwezi kujibu hayo, na wenye majibu hawatakuwepo milele. Nauli yao nitachangia mimi mwenyewe, na Mwenyekiti amenong'ona kwamba naye atachangia. Nimelisema hadharani ili asibadili mawazo.

Naomba maswali. Tuanze na mama aliyeketi nyuma pale karibu na dirisha, ambaye amenyoosha mkono tangu nilipoufungua mfuko huu. Naona anatikisa kichwa. Mama, karibu mbele. Unuse udaga huu, utuambie kama umeiva.